Mbavu za nguruwe: viungo vinauza, moto njo unaokoa

Kwenye barabara kubwa kati ya Lubumbashi na Kolwezi, harufu ya nyama inayochomwa njo inasimamisha magari. Dereva wa lori anashuka, mchimbaji anayetoka kariere anakata njia, mama anayerudi sokoni anaulizia bei. Wote wanatafuta kitu kimoja: nyama iliyo tayari, ya kula na bukari yao bila kungoja kupika.

Kandokando ya Likasi, ambayo wazee wangali wanaiita Jadotville, kuko koperative nyingi zinazofuga nguruwe, au ngulube kama wengi wetu tunavyosema. Lakini katika nyingi kati yake mwanachama anauza mnyama mzima, akiwa hai, kwa bei ya kukisia kwa macho. Mnunuzi anamtazama, anataja bei, na mambo yanaishia hapo. Faida ya kuchinja, ya kukata na ya kuchoma inabaki kwa mtu mwingine.

Katika toleo hili tunaeleza namna koperative inavyoweza kuchoma mbavu za nguruwe kwa unga wa viungo iliyoutengeneza yenyewe, na kuziuza kwa faida. Kuko jambo moja tunaloomba kila msomaji alishike tangu mwanzo. Viungo vikavu vinaipa nyama rangi nzuri ya kahawia haraka sana, na rangi hiyo inaweza kumdanganya mchomaji na mteja pamoja. Nje inaonekana imeiva, karibu na mfupa bado ni mbichi. Kwa nyama ya nguruwe, kosa hilo linaweza kuleta ugonjwa katika nyumba za watu.

Kwa nini mbavu?

Mbavu zina mfupa mwingi na nyama kidogo. Anayenunua nyama ya kupika nyumbani anapenda paja au bega, kwa hiyo mbavu mara nyingi zinauzwa mwishoni, kwa bei ya chini, ama zinachanganywa na vipande vingine. Lakini nyama iliyo kati ya mifupa ina mafuta yanayoyeyuka polepole juu ya moto, na mfupa wenyewe ni mpini: mteja anakula kwa mkono, bila sahani wala uma.

Wengine duniani walishaliona hilo. Huko Memphis, Marekani, Charlie Vergos alifungua nyumba yake ya kulia, Rendezvous, mwaka 1948. Mbavu wakati huo zilikuwa kipande cha bei ndogo. Yeye alizichoma juu ya makala na kuzinyunyizia viungo vikavu, bila mchuzi, na leo watu wanasafiri mbali kwenda kuzila. Huko Nigeria wachomaji wa suya wanapaka nyama unga wa karanga, tangawizi na pilipili. Tanzania nyama ya nguruwe ya kuchoma au kukaanga imepata hata jina lake la mtaani, kitimoto. Na sisi huku Katanga tuna michopo yetu. Basi kuchoma si jambo geni kwetu. Tunachotafuta ni kipimo kinachorudiwa kila siku bila kubadilika, ili mteja wa Jumamosi apate ladha ileile aliyoipata Jumatano.

Kabla ya viungo: nguruwe ametoka wapi?

Hakuna kiungo kinachosafisha nyama mbaya. Kwa hiyo kazi inaanzia kwenye zizi, na kuko magonjwa mawili ambayo kila mfugaji wa nguruwe anapaswa kuyajua.

La kwanza ni mnyoo tegu. Mtu akila nyama ya nguruwe yenye vifuko vya mnyoo huo bila kuiva, mnyoo unakua tumboni mwake na unaweza kufikia urefu wa mita kadhaa. Mayai yake yanatoka na kinyesi. Nguruwe anayezurura akila kinyesi hicho, vifuko vinaingia katika nyama yake, na mzunguko unaanza upya.

Lakini ubaya mkubwa uko upande mwingine. Mtu akimeza mayai hayo kwa mikono michafu, kwa maji au kwa mboga mbichi, vifuko vinaweza kukaa katika ubongo wake na kumletea kifafa. Hata mtu asiyekula nguruwe kabisa anaweza kupatwa, kama anaishi karibu na mwenye mnyoo. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba katika nchi ambako ugonjwa huu umezoeleka, karibu wagonjwa 30 kwa kila 100 wa kifafa wameupata kwa njia hiyo. Katika vijiji vyetu mtoto anayeanguka kifafa mara nyingi anasemwa kwamba amerogwa, na jirani anashutumiwa. Pengine chanzo ni mnyoo uliotoka kwenye nyama isiyoiva na choo kisichochimbwa.

Kwa hiyo: choo kwa kila nyumba, nguruwe ndani ya zizi siku zote, na nyama ikaguliwe na veterinere au mkaguzi wa nyama kabla ya kuuzwa. Vifuko vinaonekana kama punje nyeupe za mchele, zenye maji ndani: chini ya ulimi, kwenye moyo, begani, na hata katika nyama ya kati ya mbavu. Mkiziona, nyama hiyo haiuzwi wala hailiwi. Na msipoziona, bado iviveni vizuri, kwa sababu vifuko vikiwa vichache jicho linaweza kuvikosa.

La pili ni homa ya nguruwe ya Afrika, ile inayoitwa kwa Kifaransa peste porcine africaine. Haimshiki mtu, lakini inaua nguruwe wengi kwa siku chache na haina dawa ya kuiponya. Dalili zake ni homa kali, kukataa chakula, ngozi ya masikio na tumbo kuwa nyekundu au zambarau, na vifo vya ghafla. Hapo kishawishi kinakuwa kikubwa: mfugaji anachinja haraka wale waliobaki na kuuza nyama kwa bei ya kutupa. Tunamuelewa, maana pale kuna ada ya shule na dawa za nyumba. Lakini nyama hiyo inapeleka virusi katika kijiji kingine, na mifupa yake inamaliza mazizi ya watu ambao hawakujua lolote. Nguruwe mgonjwa asiingie katika biashara ya kuchoma. Mwiteni veterinere, fungeni zizi, msitoe mnyama wala nyama.

Kukausha viungo nyumbani

Tangawizi, kitunguu saumu na pilipili vinaota katika bustani zetu, na kiangazi cha Katanga, tangu Mei mpaka Septemba, ni wakati mzuri wa kuvikausha. Mvua zikianza, hewa inakuwa na unyevu, na viungo vinashika ukungu kabla havijakauka. Kwa hiyo akiba ya mwaka inatengenezwa kiangazi.

Tangawizi: oshweni, futeni, kateni vipande vyembamba kama sarafu. Kitunguu saumu: menyeni na kukata vivyo hivyo. Pilipili: chagueni nyekundu zilizoiva, ondoeni zilizooza, pasueni katikati ili zikauke upesi. Tandazeni juu ya chanja iliyoinuliwa kutoka chini, mfunike kwa kitambaa chepesi cha chandarua kuzuia inzi. Jioni ingizeni ndani kabla ya umande. Tangawizi na kitunguu saumu vinaweza kukauka kwa siku 3 hadi 5 za jua kali. Pilipili inataka zaidi. Kipimo ni sikio: kipande kikavu kinavunjika kwa mlio. Kikipinda tu, bado.

Kuko mambo mawili ya kuepuka. Msianike chini, juu ya udongo. Ukungu unaopenda karanga na mahindi unapenda pilipili pia, na baadhi yake unaacha sumu ya aflatoksini ambayo haiondolewi kwa kuchoma. Tena msianike kando ya barabara ambapo malori ya madini yanapita. Vumbi lile linatua juu ya viungo, na hakuna atakayeviosha tena.

Kusaga, tumieni kinu na mchi, au mashine ndogo ya mkono. Msipeleke pilipili kwenye mashine ya mahindi ya mtaa, kama hamtaki bukari ya jirani wote iwashe. Chekecheni unga, wekeni katika bokali kavu yenye kifuniko, andikeni tarehe juu yake. Mahali pa giza na pakavu, unga unashika nguvu yake karibu miezi 6.

Kipimo cha kilo 5 za mbavu

Hivi ni vijiko vya supu vilivyosawazishwa juu, si vya kurundika:

- chumvi laini, vijiko 4
- sukari, vijiko 2
- tangawizi kavu ya kusaga, vijiko 2
- kitunguu saumu kikavu cha kusaga, vijiko 2
- pilipili kavu ya kusaga, kijiko 1 (anayependa ukali aongeze cha pili)
- pilipili manga ya kusaga, kijiko 1
- muskade ya kukwaruza, nusu kijiko cha chai

Changanyeni vyote vikiwa vikavu kabisa. Chumvi inaingia ndani ya nyama na kuipa ladha. Vingine kwa sehemu kubwa vinabaki juu na kutengeneza gamba. Sukari inasaidia gamba hilo lishike, lakini inaungua haraka. Kama moto wenu ni mkali na hamna namna ya kuupunguza, wekeni kijiko 1 tu au acheni kabisa.

Wengine wanapenda kuongeza Maggi ya kusaga. Mkifanya hivyo, punguzeni chumvi kijiko kimoja kizima, kwa sababu ndani ya Maggi kuko chumvi nyingi. Wateja wetu wengi wana ugonjwa wa shinikizo la damu bila kujua, na nyama yenye chumvi kupita kiasi si ladha, ni madhara.

Unga huuhuu unafaa pia kwa mbuzi na kuku. Hilo ni jambo la heshima pamoja na biashara, maana Waislamu, Waadventista na Bapostolo hawali nguruwe. Koperative inayotaka kuwauzia iwe na wavu, kisu, ubao na beseni za pembeni ambazo nguruwe hazigusi, na iseme wazi kipi ni kipi.

Kutayarisha mbavu

Upande wa ndani wa mbavu kuko ngozi nyembamba inayong'aa. Ingizeni ncha ya mpini wa kijiko chini yake, juu ya mfupa mmoja, inueni, shikeni kwa kitambaa kikavu na vuteni. Ikitoka yote, viungo vinaingia pande zote mbili, na nyama haikunjiki motoni. Ikibaki, mteja anatafuna kitu kama nailoni.

Futeni nyama iwe kavu. Toeni katika bokali kiasi cha viungo mnachokihitaji, wekeni katika sahani ya pembeni, ndipo mpake kwa mkono pande zote. Mkono uliogusa nyama mbichi usirudi katika bokali, vinginevyo akiba nzima inachafuka.

Acheni nyama ipumzike na viungo saa 1, fasi ya baridi na yenye kufunikwa. Vitabu vingi vya mapishi vinasema usiku mzima. Hiyo ni kwa mwenye friji inayofanya kazi mpaka asubuhi. Fasi umeme unakatika, nyama inayolala nje usiku kucha inaharibika, na viungo vinaficha harufu yake. Kwetu kanuni ni hii: chinjeni alfajiri, chomeni siku ileile.

Pipa, wavu na makala

Kwa kiasi kidogo, mbabula mbili za kawaida zinatosha. Kwa kazi ya soko, pipa la lita 200 lililopasuliwa kwa urefu linafanya jiko zuri: nusu moja inashika makala, nusu nyingine inakuwa kifuniko.

Hapa Likasi tunapaza sauti. Mapipa mengi yanayouzwa kwa bei nafuu yametoka kwenye viwanda na migodi, na yalibeba asidi au dawa za kusafishia madini. Kuyachoma moto siku moja hakuondoi sumu yote. Msinunue pipa ambalo hamjui lilibeba nini. Lililobeba mafuta ya kula ni salama zaidi, na hata hilo lichomwe tupu mpaka rangi itoke, kisha lisuguliwe. Wavu nao uwe wa chuma tupu au usioshika kutu. Ule uliopakwa zinki, unaong'aa kama bati jipya, ukipata moto mkali unaweza kutoa moshi mbaya.

Makala yawe ya mti, yaliyoiva vizuri, yasiyotoa moshi mweusi. Msichome kwa mbao zilizopakwa rangi, wala kwa mataruma ya zamani ya reli ambayo yalilowekwa dawa ya kuzuia mchwa, wala kwa tairi, hata kwa kuunguza manyoya tu. Na kwa kuwa misitu yetu ya miombo inapungua mwaka hadi mwaka, kifuniko juu ya jiko kinasaidia pia mti: moto mdogo uliofunikwa unapika vizuri kuliko moto mkubwa ulio wazi.

Njia mbili za kuchoma

Njia ya kwanza ni ya polepole. Sukumeni makala upande mmoja wa pipa, wekeni mbavu upande wa pili, mifupa ikiwa chini, kisha funikeni. Nyama inaiva kwa joto linalozunguka, si kwa ndimi za moto. Pimeni kwa kiganja juu ya wavu, upande wa nyama: kama mnaweza kuhesabu polepole mpaka 5 au 6 kabla ya kuondoa mkono, joto ni zuri. Mkiishia 2, moto ni mkali mno. Ongezeni makala kidogokidogo, geuzeni nyama kila nusu saa. Muda ni kati ya saa 2 na nusu na saa 3 na nusu, kulingana na unene. Dakika 10 za mwisho, hamisheni juu ya makala ili gamba likauke.

Njia ya pili ni ya soko, siku ambayo wateja ni wengi na hawasubiri. Mbavu zisipakwe viungo kwanza. Zikateni vipande vikubwa, ziwekeni katika sufuria kubwa na maji kidogo, funikeni, zichemke taratibu dakika 45 mpaka saa 1. Zitoeni, zikaushwe kwa hewa, ndipo mpake viungo na kuchoma dakika 30 hadi 40. Hazitakuwa na harufu ya moshi kama za njia ya kwanza, lakini zinaiva ndani bila wasiwasi, na makala yanatumika kidogo. Mchuzi uliobaki una mafuta mazuri. Unapikiwa maharage au sombe.

Nguruwe wetu wa kienyeji mara nyingi ana nyama ngumu kuliko wale wa kizungu. Kwake njia ya pili inafaa sana. Nguruwe wa kizungu aliyenona anafaa kwa njia ya kwanza.

Rangi inadanganya, mfupa haudanganyi

Sasa turudi kwenye lile tuliloomba mlishike. Pilipili ni nyekundu tangu mwanzo, sukari inakuwa ya kahawia kwa dakika chache, na moshi unaongeza weusi. Baada ya dakika 20 juu ya moto mkali, mbavu zinaonekana kama zimekaa saa 3. Mteja mwenye njaa anasema zimeiva, mchomaji anataka pesa, na nyama ya karibu na mfupa bado ina damu. Kwa upande mwingine, moshi unaweza kuacha mstari wa rangi ya waridi chini ya gamba hata nyama ikiwa imeiva kabisa. Kwa hiyo rangi, ya nje wala ya ndani, si shahidi wa kutegemea peke yake.

Mashahidi wa kweli ni hawa:

- Nyama imejivuta na kuacha ncha ya mfupa wazi karibu sentimita 1.
- Mfupa mmoja wa katikati ukizungushwa, unalegea ndani ya nyama.
- Mkikata sehemu nene kuliko zote, maji yanayotoka ni meupe, si mekundu, na nyama haitelezi kama utumbo mbichi.

Bora kuliko yote ni kipimajoto cha nyama. Koperative inunue kimoja na kimoja kinatosha. Ncha yake iingie katikati ya nyama nene bila kugusa mfupa, na isome nyuzi 71 au zaidi. Hapo ni salama. Mbavu laini zinazoachia mfupa zinafika karibu nyuzi 90. Tena, ndimu, pombe, pilipili kali na moshi haviui vifuko vya mnyoo ndani ya nyama. Wako wanaoamini kwamba pilipili nyingi inatosha. Haitoshi. Kinachoua ni joto lililofika ndani.

Mifupa isirudi kwa nguruwe

Baada ya soko, chini ya meza kunabaki mifupa na mabaki ya bukari, na mfugaji anaona chakula cha bure. Msifanye hivyo. Virusi vya homa ya nguruwe ya Afrika vinaweza kuishi muda mrefu katika nyama na mifupa isiyoiva vizuri, na hamwezi kujua kila mfupa ulitoka kwa mnyama gani.

Ugonjwa huu ulielezwa kwa mara ya kwanza katika maandishi ya sayansi mwaka 1921, kutoka Kenya. Mwaka 2007 ulionekana Georgia, karibu na bandari ya Poti, na wataalamu wanaona kwamba inaelekea uliingia kwa mabaki ya chakula ya meli yaliyoliwa na nguruwe. Aina ya virusi ilikuwa ya upande wetu wa kusini-mashariki mwa Afrika. Kutoka hapo ulienea mpaka kufika China mwaka 2018, na mamilioni ya nguruwe walikufa au kuuawa. Chanzo kinaweza kuwa ndoo moja ya mabaki. Wekeni ndoo yenye kifuniko kando ya meza, chimbeni shimo refu, chomeni mifupa na kuifukia fasi mbwa hawafikii.

Hesabu kabla ya kutaja bei

Nguruwe wa kilo 60 akiwa hai anaacha karibu kilo 42 baada ya kuchinjwa na kutolewa matumbo, na humo mbavu ni kilo 4 hadi 5. Zikichomwa, uzito unapungua kwa karibu theluthi, kwa sababu maji na mafuta yanatoka. Wengi wanasahau hapo.

Tufanye hesabu ya mfano. Ninyi wekeni bei za soko lenu. Tuseme mbavu mbichi ni franka 10 000 kwa kilo. Kilo 5 ni 50 000. Makala 5 000, viungo 3 000, malipo ya mchomaji 10 000. Jumla ni 68 000. Lakini baada ya moto mna kilo 3 na nusu tu za kuuza. Kila kilo imewagharimu zaidi ya 19 400. Anayeuza kilo ya kuchoma kwa 18 000 anajisifu kwamba ameongeza 8 000 juu ya bei ya mbichi, kumbe amepoteza karibu 5 000 kwa siku. Ndiyo maana tunashauri kupima mara mbili, kabla na baada ya kuchoma, na kuandika katika daftari kila siku. Kisha uzeni kwa kipande cha mifupa miwili au mitatu, kwa bei moja inayojulikana.

Mizani hiyohiyo inamsaidia mfugaji. Mnyama akinunuliwa na koperative kwa kilo badala ya kwa macho, mwanachama anaona faida ya kumlisha vizuri. Huko Kampala, Uganda, koperative ya wafugaji ya Wambizzi imejulikana kwa kuendesha fasi yake ya kuchinjia nguruwe mtaa wa Nalukolongo. Hatuhitaji kuanza kwa ukubwa ule. Sheria ya OHADA kuhusu vyama vya ushirika, ya mwaka 2010, inayotumika pia katika nchi yetu, inaruhusu koperative rahisi kuanzishwa na watu 5 tu. Watano wenye zizi safi, mizani moja, pipa moja lililo salama na mchomaji asiye na haraka, wanaweza kuanza.

Kwa mkutano wenu ujao

Tunapendekeza mkubaliane juu ya mambo manne na kuyaandika katika kitabu cha mkutano: nani atakagua nyama kabla ya kila soko, nani ataweka viungo na kipimo chake, nani ana ruhusa ya kusema nyama imeiva, na mifupa inazikwa wapi. Lile la tatu lisiachwe kwa mteja, hata akiwa na haraka, hata akiwa mkubwa wa mtaa. Mwenye kipimajoto njo mwenye neno la mwisho.

Kilo 5 za kwanza, kuleni wenyewe na familia zenu. Andikeni kilichozidi na kilichopungua: chumvi, ukali, muda, makala. Mkirudia mara tatu na ladha ikatoka sawa, pelekeni meza barabarani.